Muhuri wa Tumbaku

Gazeti la Dirisha Wazi lilikuwa na Mhariri Mkuu na Mhariri Mtendaji. Mwandishi wa habari halikuwa naye, kwa sababu wote wawili walishapanda cheo zamani kule Bujumbura, na mtu akishakuwa mhariri si vizuri kumrudisha kwenye kuhangaika na kuuliza watu maswali. Habari zilijileta zenyewe. Zilivuka ziwa zimejificha kwenye magunia ya dagaa, zikashukia Kapalamsenga, zikapanda lori hadi Mpanda, na kutoka Mpanda zikaja Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, zikiwa zimechoka na kunuka samaki. Huko, kwenye nyumba moja ya matofali ya kuchoma, mabwana wawili walizisubiri wakiwa wamevaa tai.

Mhariri Mkuu aliitwa Leonidas, na Mtendaji aliitwa Anselmo. Walikimbia mwaka 1996, wakubwa wapya wa kule walipoanza kupita kwenye vyumba vya magazeti na kuzisoma habari kabla ya wasomaji. Anselmo, alipovuka ziwa, aliliacha sanduku la mkewe ufukweni ili taipureta ipate nafasi kwenye mtumbwi. Mkewe hajamsamehe mpaka leo, na ana haki, kwa sababu walipofika Katumba iligundulika kwamba Anselmo hajui kuchapa. Leonidas naye hajui. Kule kwao kulikuwa na makarani wa kazi hiyo.

Ndipo alipopatikana Prisila.

Prisila alizaliwa hapo hapo Katumba. Wazazi wake walikuja na wale wa mwanzo, waliokimbia mwaka 1972, wakakata miti na kulima mahindi na tumbaku mahali palipokuwa pa tembo. Shule aliishia darasa la tano. Alikuwa na aibu ya kusema mbele za watu, koo lilimkauka kabisa, basi walimu wakadhani hana akili na majirani wakadhani anaringa. Wahariri walimchukua kuosha vyombo. Siku moja Anselmo akamkuta amekaa mbele ya taipureta anabonyeza herufi moja moja kama anayepanda maharage, na baada ya wiki mbili alikuwa anachapa vizuri kuliko mtu yeyote aliyekuwa Katumba, jambo ambalo halikuwa gumu. Walimpandisha cheo. Katika orodha ya mali za gazeti, aliyoiandika Leonidas kwa mkono wake, jina la Prisila lilikaa katikati ya taipureta na mabenchi mawili.

Habari alizichapa kwa Kirundi, lugha ya kwao. Tahariri za Leonidas alizichapa kwa Kifaransa, lugha ambayo hakujua hata neno moja, na Leonidas alisema hivyo ndivyo vizuri, kwa sababu mchapaji asiyeelewa habadilishi kitu.

Kila Alhamisi alipanda lori la tumbaku, akakaa juu ya marobota, akalipeleka gazeti Mpanda. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka makazini bila kibali, na kibali kilitaka sababu. Sababu ilikuwa jino. Kwa hesabu ya vibali, hadi Juni ya mwaka 1998 Prisila alikuwa ameshang'olewa meno arobaini na moja, na mlinzi wa kizuizi, aliyeyaona yote yakiwa mahali pake kila alipoamkiwa shikamoo, hakuwahi kuuliza.

Mpanda alishukia Kawajense, kwenye ofisi ya shirika moja la kuchimba visima. Katibu wa pale aliitwa Mariana, mwanamke mnene mcheshi, na saa ya chakula cha mchana alimwachia Prisila kompyuta yake. Mwanzoni ilikuwa shida. Taipureta ya Anselmo ilikuwa ya Wafaransa, na herufi A ilikaa pale ambapo kwenye kompyuta ya Mariana ilikaa Q, kwa hiyo Prisila alikuwa akihama lugha ya vidole kila Alhamisi. Akishamaliza, kisanduku kilichokuwa kando ya kompyuta kilipiga simu Dar es Salaam kwa sauti ya mbuzi anayekabwa. Kutoka Dar habari zilifika Ubelgiji kwa kijana mmoja wa kwao, naye akaziweka kwenye intaneti. Kule Bujumbura watu wachache wenye mashine walizisoma, wakazitoa kwenye karatasi, wakazipitisha chini ya meza. Yaani habari ilitoka Bujumbura, ikazunguka dunia nzima, ili imfikie jirani wa mtu aliyeitoa. Leonidas aliuita huo ushindi, na kusema kweli ulikuwa ushindi. Sharti lilikuwa moja tu: kurasa mbili. Simu ya Mpanda haikuwahi kufikisha ukurasa wa tatu Dar es Salaam bila kukatika.

Basi mwezi wa tatu yule kijana wa Ubelgiji akaandika kwamba wakubwa wa Bujumbura wametangaza kuwa Dirisha Wazi ni makaratasi ya watu wasiojulikana. Leonidas aliumia. Kuitwa msaliti angevumilia, kuitwa adui wa taifa angefurahi, lakini asiyejulikana! Alitembea uani asubuhi nzima, mikono nyuma, halafu akaingia ndani na jibu. Gazeti halina muhuri. Katika maisha yake alikuwa ameona uongo mwingi na ukweli kidogo, na vyote vilivyoaminiwa vilikuwa na muhuri.

Kuchonga muhuri wao wenyewe kungehitaji kusajiliwa, na kusajiliwa kungehitaji barua ya ofisi, na ofisi ingetaka kujua habari za yale meno. Muhuri uliokuwa karibu ni ule wa chama cha wakulima wa tumbaku. Ulikuwa wa duara, wino wake wa zambarau, umeandikwa IMEPIMWA NA KUKUBALIWA, na aliyeushika alikuwa karani wa chama, Bwana Leodgar, Mpimbwe, mwenyeji wa Usevya, mtu wa kanisa, mpole, asiyependa matatizo. Leodgar hakukataa. Alisema yeye si mtu wa kuwanyima wenzake muhuri. Ila hata robota la tumbaku haligongi bila kulifungua na kuingiza mkono ndani, maana wakulima wengine huficha mawe, kwa hiyo na gazeti atataka kulipitia kwanza.

Hivyo ndivyo watu wawili walioacha nyumba, kazi na sanduku la mke ili mtu yeyote asilisome gazeti lao kabla halijatoka walivyoanza, kila Jumatano, kuchana nywele na kulipeleka gazeti kwa karani wa tumbaku.

Prisila aliporudi kutoka Mpanda mara ya kwanza na lile toleo lenye muhuri, alijaribu kueleza, akiwa anatazama miguu yake, kwamba dada Mariana amesema muhuri haupiti kwenye simu. Kinachopita ni maneno tu. Wahariri hao hawakuwa wameiona kompyuta hata siku moja. Leonidas alifikiri kidogo, kisha akatatua. Mwisho wa ukurasa wa pili, akaagiza, Prisila awe anachapa maneno HAPA PANA MUHURI. Mariana alipoyaona alicheka mpaka akashika mbavu.

Ugumu mwingine ulikuwa kwamba Leodgar hakujua Kirundi wala Kifaransa. Alipokea kurasa, akazitazama kwa makini kutoka juu hadi chini, na Leonidas akawa anamweleza kwa Kiswahili kwamba hii ni kuhusu uhuru kwa ujumla, na hii ni kuhusu amani kwa ujumla. Leodgar aliyapenda mambo ya ujumla. Aligonga. Kwa miezi mitatu mambo yalikwenda vizuri sana.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, mfanyabiashara wa dagaa aliyetoka Kapalamsenga alifika kwa mama yake Prisila. Alikaa, akanywa maji, akaulizia mavuno, akaulizia mbuzi, kisha akaichana kola ya shati lake kwa wembe na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nane. Katekista mmoja wa ng'ambo aliandika humo majina ya wanaume kumi na wawili, na ya baba zao na vijiji vyao. Walichukuliwa sokoni, wakafungiwa kwenye ghala la zamani la kahawa juu ya kilima. Wake zao wakienda kuuliza, askari wanajibu kwamba watu hao hawapo, hawajawahi kuwepo, na hakuna gereza lililowaandika. Kundi lililofungiwa humo kabla yao lilitolewa mwisho wa mwezi wa tano, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona hata mmoja. Mwezi wa sita ulikuwa umebakiza siku kumi. Katekista alikuwa na wazo moja tu: majina yakisomwa nje kabla mwezi haujaisha, itakuwa vigumu kwa ghala lile kuendelea kuwa tupu.

Mama hakujua kusoma. Alimpa Prisila karatasi.

Jina la saba lilikuwa Silvester. Alikuwa kaka yake. Mwaka 1993, kila mtu aliposema kwao kumetulia, Silvester alifunga jembe kwenye baiskeli, akaenda kuona ardhi ya babu yake. Aliiona. Akaoa, akalima, na kila mwaka alituma salamu kwamba atakuja.

Jumatatu wahariri walikaa kikao. Karatasi ilikuwa mezani, ikinuka dagaa. Leonidas alisema ni jambo la kusikitisha sana. Ila gazeti lina utaratibu: kila habari ithibitishwe na watu wawili wasiofahamiana, na hapa kuna mtu mmoja na kola yake. Tena majina matupu si habari, habari inataka maelezo. Na nafasi iko wapi? Ukurasa wa kwanza una habari za wiki. Ukurasa wa pili una tahariri yake juu ya uhuru wa vyombo vya habari, ambayo ilikuwa imefika sehemu ya nne kati ya sita. Anselmo, ambaye moyo wake ulikuwa laini zaidi, alipendekeza majina yawekwe baada ya sehemu ya sita. Leonidas akaona hilo linawezekana. Hiyo ingekuwa katikati ya Julai.

Prisila alikuwa amekaa nyuma ya taipureta, mahali pa vifaa.

"Wa saba ni kaka yangu," akasema.

Wahariri wote wawili waligeuka, kwa namna ambayo wangegeuka kama benchi ndilo lingesema. Anselmo akavua miwani. Leonidas alikohoa, akasema pole mwanangu, akasema kwa nini hukusema mapema, akakohoa tena. Mwishowe aliamua kwamba habari za wiki zifupishwe ili majina yakae chini ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi ndogo. Ila bila shaka, akaongeza, muhuri lazima ugongwe kama kawaida.

Jumatano Leodgar aliwapokea kwenye ghala la chama, katikati ya marobota. Prisila alikuwa nyuma yao na mkoba. Karani alishika kurasa, akaanza kuzitazama kutoka juu hadi chini, na alipofika chini ya ukurasa wa kwanza akasimama. Kwa miezi mitatu alikuwa ameangalia gazeti lile kama mtu anayeangalia ukuta. Sasa kwa mara ya kwanza aliona kitu anachoweza kukisoma. Majina ya watu hayana lugha.

Aliyasoma yote kumi na mawili, polepole, kwa sauti.

"Hawa ni wakulima wangu?" akauliza.

Leonidas alimweleza kwamba si wakulima wake, ni watu wa ng'ambo, wamefungwa.

"Mbona majina yanafanana na ya wakulima wangu?"

Leonidas akaeleza kwamba ni kabila moja. Leodgar alitikisa kichwa. Alisema yeye ana daftari, na katika daftari hakuna jina linaloandikwa bila mwenyewe kuwepo na kusaini. Mwaka juzi karani mwenzake alipokea majina matupu, na ilipofika siku ya mnada tumbaku ikakosekana na karani akafukuzwa. Majina kumi na mawili yenye muhuri wake juu, halafu wenyewe hawaonekani? Kesho anakuja mkaguzi anauliza wako wapi, yeye atasemaje?

"Waje wasaini," akasema. "Wakija hata leo jioni, mimi nipo mpaka saa kumi na mbili. Nitagonga."

"Bwana Karani, hawa wamefungwa," akasema Anselmo.

"Basi wakitoka."

Aliyasema hayo bila ubaya wowote. Alichukua rula, akayapigia majina mstari, moja moja, kila mstari umenyooka, halafu akaitazama tahariri ya Kifaransa, akauliza kama hii nayo ni ile ya uhuru. Akaambiwa ndiyo, sehemu ya nne. Akatabasamu, akaupuliza muhuri, akagonga.

Njiani kurudi Leonidas alikuwa na huzuni ya mtu aliyepata nafuu. Alisema wamejaribu. Alisema hawawezi kumuudhi karani, maana bila muhuri wao ni watu wa kunong'ona tu. Alimwambia Prisila kwamba katika mapambano ya muda mrefu kuna wakati wa kurudi nyuma hatua moja, na Prisila akajibu ndiyo mzee, kwa sababu hilo ndilo jibu alilokuwa nalo.

Asubuhi ya Alhamisi alikwenda kung'oa jino la arobaini na mbili. Marobota yalikuwa ya baridi, na njia nzima vumbi la tumbaku lilimwingia puani. Kwenye mkoba alikuwa na kurasa mbili za gazeti zenye muhuri wa zambarau, na ndani ya soksi karatasi ya katekista. Hakuwa na mpango. Alikuwa ameichukua tu, kama mtu anavyobeba dawa anayojua haitatosha.

Mariana alimwachia kiti. Prisila alichapa habari za wiki. Alifika pale penye mistari ya rula, akaacha kuchapa. Kwenye kioo cha kompyuta hapakuwa na mstari wowote. Palikuwa peupe.

Akavua soksi.

Mariana, aliyekuwa anakula viazi kwenye karatasi ya gazeti la Dar es Salaam, alimwona akichapa jina, kisha jina, kisha jina, na chini ya kila jina baba wa mtu huyo na kijiji chake. Juu ya majina hayo Prisila aliandika sentensi nne kwa Kirundi, zake mwenyewe: kwamba watu hawa wako kwenye ghala la kahawa la kilima fulani, kwamba walichukuliwa sokoni siku fulani, kwamba wake zao wanaambiwa hawapo, na kwamba mwezi unaisha Jumanne. Alizichapa kwa herufi kubwa. Akazipandisha zikae mwanzo kabisa wa ukurasa wa kwanza. Habari za wiki zikasukumwa chini, zikavuka ukurasa, zikajaza ukurasa wa pili karibu wote.

Ilibaki tahariri. Aliishika mkononi, karatasi nzito, safi, haina kosa hata moja, maana yeye ndiye aliyeichapa. Ilikuwa ndefu ukurasa mmoja kasoro kidogo. Simu ilikuwa na uwezo wa kurasa mbili.

Aliirudisha kwenye mkoba.

Mariana alifuta mikono, akaja kusoma. Kirundi hakujua, lakini majina aliyaona, na mwisho wa ukurasa wa pili akaona kitu kimekosekana.

"Mdogo wangu, leo hamna muhuri?"

"Haujagongwa, dada."

"Wazee wanajua?"

Prisila alitikisa kichwa. Mariana akavuta kiti cha pili, akakaa, akawasha kile kisanduku. Mbuzi akalia. Mara ya kwanza simu ilikatika kabla ya ukurasa wa kwanza kuisha. Mara ya pili Dar es Salaam haikupokea. Mchana ulikuwa umekwisha, na mkuu wa ofisi alikuwa ameshaegesha gari nje. Mariana alitoka, akamsimamisha mkuu wake mlangoni, akaanza kumuuliza kwa sauti kubwa, kwa heshima zote, kuhusu pampu ya kisima cha Inyonga, swali baada ya swali. Aliporudi ndani, Prisila alikuwa amesimama mikono kifuani, na kwenye kioo palikuwa pameandikwa kwamba barua imekwenda.

Jumapili jioni redio ya nje, ile inayotangaza kwa Kirundi, ilisoma majina kumi na mawili. Katumba nzima husikiliza saa ile, redio ziko kwenye kila uzio, kwa hiyo sauti ya mtangazaji ilitembea kijijini kama mtu anayepita nyumba kwa nyumba. Ilipofika jina la saba, mama yake Prisila alikaa chini, papo hapo, na ungo wake wa maharage. Mwisho mtangazaji akasema habari hii imeandikwa na Dirisha Wazi.

Leonidas alikuwa uani kwake. Kwa dakika moja alishangaa kama mtu mwingine yeyote. Lakini majirani walishaanza kuja kumpa mkono, na si adabu kuuacha mkono wa mtu hewani. Aliupokea. Aliipokea yote. Mpaka saa moja alikuwa ameshaeleza mara tatu hatari aliyojitia.

Jumatatu alfajiri Leodgar alikuja kwa baiskeli akiwa amefura. Alitaka kujua nani ametumia muhuri wake. Walipomhakikishia kwamba muhuri haukutumika kabisa, kwamba gazeti limekwenda bila huo, aliumia zaidi. Alikaa kwenye benchi. Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeachwa nyuma na basi, ina maana linaweza kwenda bila yeye?

Kikao kikaitishwa. Leonidas alimsimamisha Prisila mbele ya meza. Mambo ya majina hakuyagusa, maana majina tayari yalikuwa yake. Alichouliza ni sehemu ya nne iko wapi. Prisila aliitoa kwenye mkoba, akaiweka mezani, bado safi.

"Umeondoa maandishi ya mtu bila kumuuliza," akasema Leonidas kwa uchungu wa kweli. "Kazi ya mtu. Mawazo ya mtu. Unajua kitendo hicho kinaitwaje?"

Prisila alitazama miguu yake, kisha akaitazama tahariri. Lilikuwepo pale juu, kwenye kichwa cha habari, neno refu la Kifaransa, la pekee alilolijua. Siku moja alikuwa amemuuliza Anselmo maana yake, na Anselmo akamweleza kwamba ni kuzuia maandishi ya mtu yasisomwe.

"Najua, mzee," akasema. "Nimekuwa nikilichapa kila wiki. Na Jumatano tumelipeleka kwa Bwana Karani likagongwa muhuri."

Anselmo aliangalia dirishani. Leodgar, ambaye kwa mara ya kwanza aliambiwa kitu katika gazeti lile kwa Kiswahili cha kueleweka, aliuliza ni neno gani hilo aliloligonga.

Prisila aliondolewa kazini kwa kura mbili dhidi ya sifuri, kwa kukiuka utaratibu wa uhariri. Leonidas aliandika barua mwenyewe, kwa mkono, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuichapa. Kwa sababu hiyo hiyo gazeti halikutoka Alhamisi iliyofuata, wala ile ya pili, wala ya tatu, na wakubwa wa Bujumbura wakatangaza kwamba wamefanikiwa kulinyamazisha. Prisila alirudi shambani kwa mama yake. Aling'oa maharage, akayapiga, akayapepeta. Kila lori lililotoka upande wa ziwa aliacha kazi akalitazama mpaka likapita.

Mfanyabiashara wa dagaa alikuja wiki ya tatu. Safari hii hakuulizia mbuzi. Alisema kwamba Jumatatu ile, siku moja kabla ya mwezi kuisha, wageni wenye magari meupe, wale wanaokagua magereza, walipanda kilimani na majina mkononi. Walipofika waliwakuta askari, wale wale waliosema hakuna watu, wanawapakia kwenye lori mchana kweupe watu kumi na wawili ambao hawakuwepo. Wageni walilifuata lori mpaka mjini. Gerezani walisimama kwenye dawati, jina likisomwa mtu anaitika, na kila aliyeitika akaandikwa kwenye kitabu cha gereza.

"Na wa saba?" mama akauliza.

"Aliitika. Amekonda. Anasalimia. Anaomba shati na sabuni."

Walikuwa familia pekee Katumba nzima iliyoshangilia mtoto wao kufungwa. Majirani walikuja kupongeza. Mmoja alileta kibuyu cha pombe ya ndizi, mwingine alisema Mungu ni mkubwa, gereza kabisa, tena la mjini, na hakuna aliyecheka. Anselmo naye alikuja, akasimama karibu na mlango, akitafuta namna ya kuuliza kama Prisila ana nafasi siku ya Alhamisi. Prisila alimkaribisha kiti na akaendelea kukunja shati. Lilikuwa la marehemu baba yao, kola nzima.

Mama alimngoja mfanyabiashara amalize pombe yake. Kulikuwa na kitu kimoja kilikuwa kinamsumbua.

"Hicho kitabu cha gereza," akasema. "Wameandika kwa wino au kwa penseli?"

Mfanyabiashara alisema hakuona. Yeye aliambiwa tu.

Mama alifikiri, halafu akamwambia Prisila aongeze mche mwingine wa sabuni, na kwa wale kumi na mmoja pia, kama mkoba una nafasi.